Kutembelea Kumbukumbu za Vita Mjini Nairobi

Mji wa Nairobi haujapata kuzingirwa na jeshi la kigeni, wala hauna kuta zenye makovu ya mizinga kama Ngome ya Yesu kule Mombasa. Hata hivyo, mtu akiutembea kwa miguu, tena akawa na macho ya kutazama, atakuta humo alama za vita vitatu: vita vya mwaka 1914 hadi 1918, vile vya mwaka 1939 hadi 1945, na vile vilivyopiganwa katika misitu ya Kenya baada ya mwaka 1952. Alama hizo si za namna moja. Nyingine ni sanamu, nyingine ni makaburi, na moja ni jina tu la mtaa.

Basi, ewe msomaji, tuanzie Kenyatta Avenue, njia pana iliyoitwa Delamere Avenue zamani za ukoloni. Hapo utaona watu watatu wa shaba wamesimama juu ya msingi wa mawe. Mmoja ni askari wa King's African Rifles. Wa pili ni askari wa Kiarabu, mfano wa wale walioandikishwa pwani na Arthur Wavell, aliyeuawa vitani huko Mwele mnamo Januari 1916. Wa tatu hana bunduki, maana ni mchukuzi. Aliyezifanya sanamu hizi ni Mwingereza James Alexander Stevenson, nazo zilifunuliwa mwaka 1928. Ndiye aliyefanya na sanamu za Mombasa, na vilevile ile ya askari mmoja iliyoko Dar es Salaam, ambayo ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa hiyo ya Wissmann walipouteka mji mwaka 1916. Ndivyo ilivyo desturi ya washindi, kwanza huangusha sanamu za wenzao, ndipo wakasimamisha zao.

Chini ya sanamu za Nairobi mna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawasifu wachukuzi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ilitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza. Ni maneno mazuri. Lakini zunguka msingi ule pande zote, utafute jina hata moja la askari au la mchukuzi. Hutalipata.

Wanafunzi aghalabu huuliza ni yupi kati ya hao watatu aliyefanya kazi kubwa kuliko wenzake. Mimi huwajibu bila kusita kuwa ni yule asiye na bunduki. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka kupigana mahali pamoja. Alirudi nyuma mwaka hata mwaka, akavuka mto Ruvuma na kuingia nchi iliyotawaliwa na Wareno, asisalimu amri ila tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala katika nchi ya Zambia. Majeshi ya Waingereza yaliyomfuata yalipita mahali pasipo reli wala barabara. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, na magari yakakwama matopeni. Ikabakia vichwa na mabega ya watu kubeba risasi, chakula, dawa, na hata wagonjwa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 50, mbali na vyombo vyake mwenyewe.

Hapo mwanzo serikali ilitafuta watu kidogo kidogo. Ilipofika mwaka 1917 vita vilihitaji watu wengi mno, John Ainsworth akapewa kazi ya kuwakusanya, na machifu wakaamrishwa kutoa hesabu waliyowekewa. Vijana wengi walikamatwa usiku, wakapelekwa wasikokujua. Wengi walikufa, na si kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Unga wa mahindi usioiva sawasawa uliyaharibu matumbo ya watu waliozoea vyakula vingine nyumbani kwao. Wanahistoria hukadiria kuwa wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza, kutoka nchi zote za Afrika ya Mashariki na za jirani, hawakupungua sana 100,000. Mishahara ya wengi wao haikulipwa kwa mtu yeyote, kwa kuwa jamaa zao hawakutafutwa wakapatikana, na serikali ya London haikukubali kuzitoa fedha hizo.

Sasa tuiache Kenyatta Avenue, tuvuke mto Nairobi mpaka Kariokor. Hapo hapana sanamu. Pana soko lenye vyondo vya katani na moshi wa nyama choma, na wapitao hapo ni wachache wanaofikiri habari ya jina lenyewe. Hilo ni jina la Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi, lililogeuzwa na ndimi zetu. Hapo ndipo ilipokuwa kambi yao. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ilipata jina kwa njia iyo hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo hai kuliko zote za Nairobi, kwani haikuwekwa na gavana yeyote. Wenyeji waliendelea kulitaja jina lile, basi.

Nenda kisha kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Ngong Road. Yapo makaburi zaidi ya 1,900 ya watu waliokufa katika vita vya pili, na majani yake hukatwa vizuri. Hapa utasoma majina: Waafrika wa nchi nyingi pamoja na Wazungu, wote wamo. Humo pia mna ukumbusho wa wanajeshi wasiokuwa na makaburi yanayojulikana. Miongoni mwao wamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki waliosafiri kutoka Mombasa kwenda Ceylon katika meli iitwayo Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga meli hiyo, ikazama kwa dakika chache, na watu karibu 1,300 wakafa.

Mtu atauliza, kwa nini hawa waandikwe na wale wa vita vya kwanza wasiandikwe? Haikuwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1920 wakuu wa tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita, pamoja na watawala wa makoloni, waliona kuwa Waafrika hawakuhitaji mawe ya kaburi, wakayaacha makaburi mengi yarudi kuwa pori. Tume yenyewe ilikiri hayo katika taarifa yake ya Aprili 2021. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu ikafika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi mbele ya Bunge lao. Miaka mia moja ilikuwa imepita.

Turudi mjini, kwenye Kimathi Street, iliyokuwa Hardinge Street. Hapo amesimama Dedan Kimathi mwenye bunduki mkononi. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa pasipo alama. Sanamu yake ilifunuliwa na Rais Mwai Kibaki siku iyo hiyo ya mwezi, mwaka 2007. Ni muhimu kujua kwamba marufuku ya wakoloni juu ya chama cha Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu. Serikali huru ilikuwa imeishi nayo kwa miaka 40.

Mwisho tuingie Uhuru Park. Mwezi Juni 1913 ungekuwa mapema mno kwa habari hii. Ilikuwa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, jumla ya pauni milioni 19.9, na kugharimia ukumbusho. Ukumbusho huo ulifunuliwa tarehe 12 Septemba 2015, na wazee wengi walihudhuria. Unaonyesha mwanamke akimpa chakula mpiganaji wa msituni. Tazama nyuso zao: hawatazamani. Kila mmoja amegeukia kwake, ili mmoja akikamatwa na kupigwa, asiweze kumtaja mwenzake.