Masizi ya Nani?

Kila Machi simu zetu hujaa video za watu wa ng'ambo wakisafisha nyumba. Friji inavutwa kutoka ukutani, godoro linasimamishwa, mapazia yanashushwa, na mwenye nyumba anatangaza kwamba baridi imeisha, sasa ni wakati wa usafi mkubwa wa mwaka. Sisi huku Nairobi tunaweka moyo, tunawatumia marafiki, kisha tunachungulia dirishani na kuona mvua. Kwetu Machi ni mwanzo wa masika. Ukitoa kapeti nje wikendi hiyo, utalirudisha likiwa chafu kuliko lilivyotoka.

Kwa hivyo swali la kwanza ni rahisi: kwa nini Machi? La pili, ambalo hizo video hazigusi kabisa, ni nani aliyekuwa anasafisha. Yote mawili yanaanzia mahali pamoja, kwenye moto.

Tuanzie Iran. Mwaka mpya wa Kiajemi, Nowruz, huanza siku ambayo mchana na usiku hulingana, tarehe 20 au 21 Machi. Kabla ya siku hiyo familia hufanya kazi wanayoiita khaneh-tekani, yaani kukung'uta nyumba, kama vile nyumba nzima ni mkeka. Mazulia huoshwa na kuanikwa, makabati hutolewa kila kitu, madirisha hung'arishwa. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, watu huwasha mioto midogo nje na kuiruka. Watu wa pwani yetu wanalijua neno Nowruz kwa sura nyingine: Nairuzi, jina lililoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka huo wa jua bado husherehekewa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Neno lenyewe linatokana na kuoga. Machi haikuvuka bahari, lakini wazo la kuingia mwaka mpya ukiwa safi lilivuka.

Wayahudi nao wana usafi wao kabla ya Pasaka, ambayo huangukia Machi au Aprili. Kitabu cha Kutoka kinaagiza chachu yote iondolewe nyumbani. Familia husugua jikoni hadi pembeni kabisa, kisha usiku huzunguka na mshumaa, unyoya na kijiko cha mbao kutafuta makombo ya mwisho ya mkate. Yanayopatikana huchomwa asubuhi.

Kuna watu hubishana sana ni kabila gani lililoanza. Mimi naona ubishi huo unapita kando ya jambo lenyewe. Mahali popote penye baridi kali, watu walijifungia ndani miezi kadhaa na moto ukiwaka mchana na usiku. Moshi haukuwa na pa kwenda. Jua liliporudi, madirisha yakafunguliwa kwa mara ya kwanza, na mwanga ukaonyesha kila kitu. Usafi wa Machi ulikuwa na dini ndani yake, sawa, lakini pia ulikuwa na masizi.

Na kama ni masizi, hakuna nyumba zilizoyajua kama za Uingereza katika karne ya 19. Huko walichoma makaa ya mawe, na kila chumba cha maana kilikuwa na meko yake ukutani na dohani ya kupitishia moshi hadi juu ya paa. Taa nazo zilitumia mafuta au gesi iliyotengenezwa kwa makaa hayohayo. Kufikia mwisho wa baridi, dari ilikuwa imebadilika rangi, mapazia yalikuwa na harufu ya moshi, na ukipitisha kidole ukutani kilitoka cheusi.

Isabella Beeton alikuwa na miaka 25 tu kitabu chake maarufu cha kusimamia nyumba kilipotoka London mwaka 1861. Anaanza kwa kumlinganisha mama mwenye nyumba na kamanda wa jeshi. Kamanda, bila shaka, hachimbi handaki. Ndani ya kitabu hicho majira ya baada ya baridi yanatajwa kuwa wakati wa kawaida wa usafi mkubwa, na kazi yenyewe ilikuwa noma. Kwanza dohani zifagiliwe. Kisha kapeti ling'olewe sakafuni, lipelekwe nje, likung'utwe kwa fimbo. Mapazia mazito ya baridi yashushwe na mepesi yapandishwe. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalinyunyizwa kwenye kapeti yakiwa bado mabichi ili yashike vumbi kabla ya ufagio kulirusha hewani. Karatasi zilizobandikwa ukutani hazikuweza kuoshwa kwa maji, zingechanika, kwa hivyo zilisuguliwa kwa mkate, kipande kwa kipande, hadi mkate ukawa mweusi.

Hiyo hatua ya kwanza, ya dohani, ndiyo ningependa tusimame kidogo. Dohani zilikuwa nyembamba, na kwa miaka mingi kifaa cha kuzifagia kilikuwa mtoto. Alipanda ndani kwa magoti na viwiko, akikwangua masizi yakimwangukia usoni. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wafagia dohani walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, na akaihusisha na masizi. Ilikuwa moja ya mara za kwanza kwa saratani kuunganishwa na kazi ya mtu. Sheria zilifuata: 1788, 1834, 1840, 1864. Ile ya 1840 ilikataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda dohani. Haikuheshimiwa. Mwaka 1875, miaka 100 kamili baada ya Pott, mvulana aitwaye George Brewster alikwama ndani ya dohani ya hospitali karibu na Cambridge, akafa. Mwajiri wake alifungwa, na sheria ya mwaka huohuo ndiyo iliyofanya kazi hatimaye. Brashi ndefu za kufanya kazi ileile zilikuwa zimekuwepo kwa miaka mingi.

Mtoto akishuka, kazi iliyobaki ilikuwa ya wanawake. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na zaidi ya wanawake milioni moja waliofanya kazi katika nyumba za wengine. Wengi hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Hannah Cullwick aliacha. Alikuwa mfanyakazi wa ndani tangu utotoni, na aliandika shajara kwa miaka mingi: ngazi alizosugua kwa magoti, viatu alivyong'arisha, meko aliyosafisha kabla watu hawajaamka. Siku moja aliingia mwenyewe ndani ya dohani kuifagia. Tunazo shajara hizo kwa sababu mwanaume wa tabaka la juu kuliko lake, Arthur Munby, alimwomba aandike, baadaye wakaoana kisiri. Yaani hata sauti yake ilihitaji mtu mwenye nafasi ili itufikie.

Kisha teknolojia ikaingia. Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth alisajili mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani na mipira yake kupitishwa madirishani. Mashine ndogo zilipofika, na umeme, watu walidhani kazi ya nyumbani itaisha. Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha 1983, alionyesha kwamba haikuwa hivyo. Wafanyakazi waliondoka, mashine zikabaki na mama mwenye nyumba, na viwango vya usafi vikapanda. Kapeti lililokung'utwa mara moja kwa mwaka sasa lilitakiwa kusafishwa kila wiki.

Masizi yenyewe yaliondoka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Desemba 1952 moshi mzito ulifunika London kwa siku tano na kuua maelfu, na mwaka 1956 bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Upande wa pili wa bahari, kampuni moja ya Cincinnati iliyouza ujiuji laini wa kusafishia karatasi za ukutani ilikuwa ikikosa wateja, maana Wamarekani walikuwa wameacha makaa na kuhamia gesi na mafuta. Mwalimu wa chekechea akagundua kwamba watoto wanapenda kuufinyanga. Mwaka huohuo wa 1956 ukaanza kuuzwa kama kitu cha kuchezea, kwa jina Play-Doh. Kifaa cha kuondoa masizi kikawa toi. Moto uliondoka, tarehe ikabaki, na ndiyo hiyo inatufikia kwenye simu.

Sasa turudi nyumbani. Masetla walipojenga Nairobi na vilima vyake walikuja na meko yao ya ukutani, na mtu wa kuyawasha hakuwa wao. Alikuwa mwanaume Mwafrika, aliyeitwa "boi" hata akiwa na wajukuu, akiwa na kipande chenye rekodi ya kazi na mshahara wake, akilala kwenye chumba cha nyuma ambacho hadi leo tunakiita SQ. Mwaka 1936 kulitoka kitabu cha Kiswahili cha bara, kilichoandikwa na F. H. Le Breton, kwa ajili ya masetla, wanajeshi, wafanyabiashara na wake zao. Kamanda wa Beeton alikuwa amepata jeshi jipya na lugha ya kuliagiza.

Hatukukosa usafi wetu wa mwaka. Vijijini ni Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafika: kuta zinakandikwa upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, sufuria zinasuguliwa kwa majivu mpaka zing'ae. Pwani ni kabla ya Idi. Tofauti ni kwamba moto wetu haujazimika. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini hupika kwa kuni, na gesi ilikuwa kwa karibu robo tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Fikiria basi Jumamosi ya kawaida. Mama fua anafika kwenye keja yako ya gesi na kettle ya umeme. Anapiga deki, anafua, anasugua vigae ambavyo havina masizi hata chembe. Jioni anarudi kwake, anawasha jiko la makaa ndani ya chumba kimoja cha mabati, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Ukuta wake ndio unaohitaji mkate wa Waingereza. Hakuna anayemlipa kuusafisha, na Jumapili ndiyo siku yake pekee, akiipata.

Mwaka 2011 kule Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Unasema wana haki ya masharti ya kazi yanayoeleweka na angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Hayo si mambo makubwa. Mtu akija kukusafishia nyumba, elewaneni bei kabla hajainama, mpe chakula cha mchana, mlipe siku hiyohiyo, usimwambie "nitatuma kesho." Na jioni akiomba atoke mapema kwa sababu ya mvua, mwache aende. Ana moto wa kuwasha.