Dawa Inayokataliwa na Mwili Baada ya Siku Nyingi

Leo twatazama historia ya jambo linalowahusu sana watu wa Sale, kwa kuwa kutoka Digodigo hadi hospitali ya Wasso ni safari.

Mtu akipasuliwa hupewa dawa nyingi kwa wakati mmoja: nusukaputi ya kumlaza, dawa ya kulegeza misuli, ya kutuliza maumivu, na ya kuua vijidudu. Mwili ukiikataa mojawapo papo hapo, daktari yupo. Lakini pengine mwili hukataa baada ya siku kadhaa, mgonjwa amekwisha rudi nyumbani. Huu ndio mzio wa kuchelewa. Hapo hulaumiwa chakula, au kijicho cha jirani.

Nusukaputi ya etha ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Wakati huo mzio haukuwa na jina. Mwaka 1905 madaktari wawili wa Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick, walieleza habari za watoto waliodungwa dawa iliyotokana na damu ya farasi. Baadhi yao walipata homa na vipele baada ya siku 8 hadi 12. Madaktari hao walihesabu siku, wakatambua sababu: askari wa mwili huhitaji muda kumjua mgeni, kisha kuongezeka na kumpiga. Mwaka 1906 Pirquet akaupa mzio jina lake la kitaalamu.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1960 wagonjwa wengi wa kifua kikuu walipewa thioasetazoni, dawa ya bei nafuu. Ikawafaa wengi. Ukimwi ulipoingia, mambo yaligeuka. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walitangaza hesabu yao: kati ya wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, yapata mmoja katika kila watano alidhuriwa ngozi, kati ya wasio navyo, yapata mmoja katika mia. Madhara yalikuja baada ya siku au majuma, na baadhi ya wagonjwa walikufa. Basi dawa hiyo ikaachwa, na ethambutoli ikashika nafasi yake.

Mwaona, ndugu zangu? Vienna na Nairobi, waliookoa watu ni wale walioandika dawa, siku na dalili.

Nanyi sasa mwajua kuandika. Ukitoka hospitali, omba majina ya dawa ulizopewa, uyaandike pamoja na tarehe. Ukiona vipele, malengelenge, vidonda vya mdomo au macho mekundu, usingoje: rudi na karatasi yako. Na siku ya kupasuliwa tena, mwonyeshe mtoa nusukaputi kabla hujalala, kwani mara ya pili mwili huweza kukataa upesi zaidi.

Zoezi: Andikeni jina la dawa moja mliyowahi kupewa, na mwaka wake.

Kwaherini.