Mng'aro wa Visu vya Sheffield

Katika karne ya 19, visu vya Sheffield, Uingereza, vilisifika kwa mng'aro wake. Bapa la feleji, likiisha kukazwa kwa moto, lilisagwa kwenye jiwe la mchanga, kisha likapelekwa kwenye gurudumu la mti lililovikwa ngozi na kupakwa gundi na unga wa emeri. Hapo mkono ulitakiwa uwe mwepesi: bapa likipata moto hata likageuka buluu, ugumu wake hulegea, na kisu kitang'ara bila kushika makali.

Fundi mwenyewe je? Visu aghalabu vilisagwa kwa maji. Uma za mezani zilisagwa kavu, na vumbi la jiwe na chuma likaingia mapafuni. Tabibu Arnold Knight wa mji huo alieleza kwamba wasagaji wa kavu ni nadra kufikia miaka 35, na wale wa maji 45. Walioishi zaidi, akasema, ni walevi, kwa kuwa hawakuonekana kazini mara kwa mara!

Friedrich Engels aliyanukuu hayo mwaka 1845. Vilikwisha buniwa vifaa vya kuzuia vumbi, na baadhi ya mafundi wakavivunja. Tusikimbilie kuwaita wajinga: walihofu kwamba kazi isiyoua itavuta watu wengi, na ujira utashuka.

Sheria ya mwaka 1867 ndiyo iliyompa mkaguzi wa viwanda uwezo wa kuamrisha feni ya kuondoa vumbi mahali pa kusagia na kung'arishia kwa gurudumu.