Sekunde ya Kinnebrook

Mwaka 1796, David Kinnebrook alifukuzwa kazi kwa kuchelewa. Hakuchelewa kufika kazini. Alichelewa kuona.

Alikuwa msaidizi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota ikivuka uzi mwembamba ndani ya darubini, huku sikio likihesabu mapigo ya saa, kisha kuandika wakati wake. Mkuu wake, Nevil Maskelyne, alipolinganisha vipimo vyao aliona vya msaidizi viko nyuma kwa nusu sekunde. Akamwonya ajirekebishe. Miezi michache baadaye tofauti ilikuwa imefika sekunde 0.8.

Zaidi ya miaka 20 ikapita. Huko Königsberg, Friedrich Bessel alisoma habari hiyo, akaanza kujilinganisha na wenzake. Akakuta hata mabingwa wa fani hutofautiana, wengine kwa zaidi ya sekunde nzima. Kumbe haukuwa uzembe! Kila mtu ana kuchelewa kwake, na kinachopimika kinaweza kuingizwa kwenye hesabu.

Mwaka 1868, Franciscus Donders wa Utrecht akaongeza jambo: anayejua tangu awali la kufanya huitikia ishara upesi, anayelazimika kuchagua kwanza hukawia.

Leo hesabu hiyo iko kwenye usukani. Gari likilia kumtahadharisha dereva, aliyelitengeneza alipaswa kukadiria mapema mguu utafika lini kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Sekunde 0.8 za Kinnebrook ni karibu mita 18 za barabara. Na dereva aliyeshtukizwa hukawia kuliko aliyetazamia hatari. Ndiyo maana wahandisi wa barabara wa Marekani, wakipanga umbali wa kusimama, humpa dereva sekunde 2.5. Mlio usioeleweka humwongezea kazi ya kuchagua: ni mkanda, ni mlango, au kuna mtu mbele?

Baada ya ajali huwa tunauliza kama Maskelyne: kwa nini dereva alichelewa? Swali la Bessel lafaa zaidi, nalo huulizwa kabla ya ajali: tukijua atachelewa, tumlilie mapema kiasi gani?

Kinnebrook hakulisikia swali hilo. Alifariki mwaka 1802, jina lake likiwa bado ni la mtu aliyeshindwa kazi.