Gurudumu la Meno Mbele ya Wanafunzi Wanaoanza

Kwa muda mrefu themodinamiki, yaani elimu ya joto na namna linavyogeuzwa kuwa kazi, ilifundishwa kwa mifano ya mitungi ya mvuke na pistoni, ambamo mtikisiko wa molekuli moja moja humezwa na wingi wa zenzake. Mwanafizikia Richard Feynman, alipowahutubia wanafunzi wanaoanza katika Taasisi ya Teknolojia ya California kati ya 1961 na 1963, alithubutu kuwashusha hadi kipimo cha molekuli zenyewe, akitumia kifaa cha kufikirika ambacho Marian Smoluchowski alikwisha kukichambua mwaka 1912: mapanga madogo yanayogongwa na molekuli za gesi, yaliyounganishwa kwa ekseli na gurudumu la meno ambalo kikomeo chenye springi hulizuia lisirudi nyuma. Kwa mtazamo wa haraka, gurudumu hilo lingezunguka upande mmoja tu na kumwinua hata kiroboto bila gharama, kinyume cha kanuni ya pili ya themodinamiki. Jibu, ambalo ndilo utamu wa somo, ni kwamba kikomeo nacho ni kidogo mno, hivyo joto lile lile hukirusharusha na kukifungua ovyo, na halijoto ikiwa moja pande zote, mizunguko ya mbele na ya nyuma hufutana. Alipokokotoa ufanisi wa mtambo huo ukiwa na halijoto mbili, moja upande wa mapanga na nyingine upande wa gurudumu, hata hivyo, Feynman aliteleza: mwaka 1996 Juan Parrondo na Pep Español walionyesha kwamba mtambo unaogusa pande zote mbili kwa wakati mmoja hupitisha joto bila kukoma, kwa hiyo hauwezi kuufikia ufanisi wa Carnot, kikomo cha juu cha injini yoyote ya joto.