Mlango Uliofunguliwa Ziwani

Sisi waamini wa kandokando ya Ziwa Victoria tumezoea kumwona padre mweusi altareni. Ndiye anayewabatiza watoto wetu, anayefungisha ndoa zetu na kuwazika marehemu wetu. Wengi wetu hatujiulizi ilikuwaje hata ikawa hivyo. Lakini ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki wapo ndugu zetu weusi, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, ambao kwao jambo hilo lilichukua karne nyingi. Historia yao imeshikamana na yetu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie Lima, nchini Peru. Huko ndiko alikozaliwa Martin de Porres, tarehe 9 Desemba 1579. Baba yake alikuwa Mhispania. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyewekwa huru kutoka utumwani. Martin alijifunza kazi ya kinyozi, ambayo siku zile ilikwenda pamoja na kutibu vidonda. Alipobisha hodi kwa Wadominiko, sheria ya huko haikumruhusu mtu mwenye damu ya Kiafrika kuwa mtawa kamili. Akaingia kama mtumishi wa nyumba. Alifagia, akawahudumia wagonjwa, akawalisha maskini, wawe Wahispania au watumwa. Mwaka 1603 alikubaliwa kuweka nadhiri kama bruda. Alifariki tarehe 3 Novemba 1639, na hadi leo picha zake humwonyesha ameshika ufagio.

Biashara ya watumwa iliendelea muda mrefu baada yake. Brazil ilikuwa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika kufuta utumwa, tarehe 13 Mei 1888. Siku chache kabla, tarehe 5 Mei, Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka wa kuupinga utumwa. Hakuishia kwao, alizungumzia pia Waafrika waliokuwa wakiendelea kukamatwa na kuuzwa huku kwetu. Mwezi huohuo alimkabidhi Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika tuliozoea kuwaita White Fathers, kazi ya kuzunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo.

Hapo ndipo Mwanza inapoingia. Wana wa Lavigerie walifika Kageye, pwani ya kusini ya ziwa letu, mwishoni mwa mwaka 1878, kisha wakavuka kwenda Buganda. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka huko wakarudi upande huu, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi. Miongoni mwa watu wa kwanza waliolelewa pale walikuwa watoto waliokombolewa: wamisionari waliwalipia kwa wafanyabiashara ili wawe huru. Tulitafakari hilo. Imani yetu ilianza kukua hapa miongoni mwa watoto ambao watu walikuwa wamewapangia bei, watoto waliotenganishwa na mama zao na wasiojua njia ya kurudi nyumbani.

Wakati misheni ya Bukumbi inaanza, kijana mmoja mweusi wa Marekani alikuwa darasani Roma. Jina lake Augustus Tolton. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri mwaka 1854. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mama yake alitoroka na watoto wake watatu, wakavuka mto Mississippi kwa mashua hadi Illinois, ambako hapakuwa na utumwa. Augustus alipotaka kuwa padre, hakuna seminari hata moja ya Marekani iliyompokea, kwa sababu ya rangi yake. Ikabidi asome Roma, katika Chuo cha Propaganda, akipewa upadre mwaka 1886. Alijiandaa kutumwa Afrika. Badala yake alirudishwa kulekule alikokataliwa. Alitukanwa na watu, wakiwamo wa Kanisa lake, lakini hakuliacha. Alifariki Chicago mwaka 1897, akiwa na miaka 43 tu. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa.

Tolton hakufika Afrika, lakini njia aliyopita iliendelea kupitwa. Katika ukanda wetu huu wa ziwa mapadre wazalendo wa kwanza wa nchi yetu walipewa daraja tarehe 15 Agosti 1917. Miaka minne baadaye, mwaka 1921, huko Bukoba, mtoto wa miaka minane alibatizwa pamoja na wazazi wake, akaitwa Laurean. Ndiye Laurean Rugambwa. Alipata upadre mwaka 1943, akatumwa Roma kusomea sheria za Kanisa katika chuo kilekile cha Propaganda, na mwaka 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu. Nchi yetu ilikuwa bado haijapata uhuru; bendera ya Uingereza ilipepea, na mwana wa ziwa akaketi pamoja na wale wanaomchagua Papa. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Mei 1962, Papa huyohuyo akamtangaza Martin de Porres kuwa mtakatifu.

Je, Marekani? Kardinali wao wa kwanza mweusi, Wilton Gregory, aliteuliwa mwaka 2020. Ni miaka sitini baada ya Rugambwa.

Tukisikia hayo tusijisifu kwamba sisi tulitangulia. Hatukuwashinda ndugu zetu wa Amerika. Wao walikuwa wamebeba mzigo ambao biashara ya kununua na kuuza watu iliwatwisha, na wakaendelea kuingia kanisani hata pale walipoketishwa nyuma. Afadhali tujiulize sisi tumefanya nini na mlango tuliofunguliwa.

Maana katika Kanda hii ya Ziwa, miaka mingi baada ya utumwa kupigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, watu wamepangiwa bei tena. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa ili viungo vyao viuzwe kwa ahadi ya utajiri wa dhahabu na samaki. Bibi zetu wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizotupikia. Waliofanya hivyo hawakutoka mbali. Wengine wametoka katika vijiji vyenye vigango na jumuiya ndogondogo.

Tunapoadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Martin kila tarehe 3 Novemba, basi, tusiishie kuheshimu picha yake. Jumuiya yenye mtoto mwenye ualbino imsindikize shuleni na kumweka mstari wa mbele kwaya inapoimba. Jumuiya yenye bibi anayenong'onwa imtembelee hadharani, ili kijiji kizima kione yuko upande wa nani. Ufagio wa Martin ulifagia nyumba iliyomkataa. Wetu una nyumba yetu wenyewe ya kufagia.