Mashine kongwe za kusaka dhahabu: Nini hubaki kiwanda kinapoacha kuziunda

MASHINE ya kusaka dhahabu haifi siku ile kiwanda kinapoacha kuiunda. Huendelea kulia mikononi mwa mwenyewe kwa miaka mingi, huuzwa mara ya pili na ya tatu, na aghalabu hurejea sokoni ikiwa imepanguswa vumbi na kuitwa mpya.

Kinachokoma ni mambo mengine: vipuri, dhamana ya kiwanda na fundi aliyefunzwa kuitengeneza. Mnunuzi asiyelijua hilo huweza kutumia akiba ya miaka kadhaa kwa chombo ambacho kikiharibika hakitapata wa kukirekebisha.

Mombasa ina sababu ya kulizingatia suala hili, ingawa kisiwa chenyewe hakina dhahabu ardhini. Msingi wake ni mwamba wa matumbawe, si miamba ya kale iliyobeba dhahabu kule Migori, Kakamega, Geita au Karamoja. Hata hivyo Kilindini, bandari iliyopata jina lake kutokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu, ndiyo lango la bidhaa ziendazo bara: Uganda, Sudan Kusini, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Katika nchi hizo zote wamo wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Makala hii yaeleza chombo hicho ni nini, kilitoka wapi, kwa nini aina za zamani huachwa, na mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyachunguza.

CHOMBO CHENYEWE

Mashine hii, ambayo wachimbaji wengi huiita ditekta, ina sehemu tatu kuu: koili, ile sahani ya duara inayopitishwa juu ya ardhi, kisanduku chenye mitambo ya umeme, na betri. Koili hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali huamsha humo mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hurudisha ishara ambayo mtumiaji huisikia kama mlio.

Si sahihi kudhani kwamba mashine huijua dhahabu kwa jina. Huitambua metali yoyote inayopitisha umeme. Kifuniko cha chupa, risasi kuukuu na msumari vyote hulia, na mtafutaji hufukua mengi kabla ya kupata alichokikusudia.

Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alijaribu chombo cha aina hiyo kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, lakini hakufaulu. Mnamo 1937 Gerhard Fischer, mhandisi mzawa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipewa hataza ya chombo cha kutafuta metali ardhini.

Vita Vikuu vya Pili vilikipa msukumo mkubwa. Józef Kosacki, afisa wa Poland aliyekuwa Uingereza, alibuni chombo cha kutambua mabomu ya ardhini, nacho kikatumiwa na majeshi ya Uingereza huko El Alamein, Misri, mwaka 1942. Mwaka huo huo Kilindini ilikuwa makao ya manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi, baada ya Wajapani kuzitishia kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

KUTOKA SD HADI GPX

Kwa muda mrefu vyombo hivyo vilishindwa kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi. Udongo wenyewe ulipiga kelele na kuifunika sauti ya dhahabu. Udongo wa namna hiyo umetapakaa Australia na sehemu kubwa ya Afrika.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1995, kampuni ya Minelab ya Adelaide, Australia, ilipotoa SD2000. Kazi ya mvumbuzi Bruce Candy ilikuwa kupeleka ardhini mapigo ya umeme ya urefu tofauti, kisha kulinganisha majibu yake ili kelele ya udongo ipunguzwe na sauti ya metali ibaki. Watafutaji walirudi katika mashamba ya dhahabu yaliyodhaniwa kuwa yamekwisha, wakapata vipande vilivyoachwa na waliowatangulia.

Aina nyingine zilifuatana: SD2100 na SD2200, kisha GP Extreme mwaka 2000, GP 3000 na GP 3500. Mwaka 2007 ikaja GPX 4500, na mwaka 2010 GPX 5000. GPZ 7000 ilitolewa 2015 na GPX 6000 mwaka 2021.

Kila aina mpya ilipotokea, iliyotangulia ilisukumwa kando. Mashine za SD na GP haziundwi tena, na GPX 4500 nayo imeingia katika orodha hiyo baada ya kutumika kwa miaka mingi barani Afrika.

KWA NINI HUACHWA

Kiwanda huacha kuunda mashine kwa sababu kadhaa. Kwanza, vijisehemu vya umeme vilivyomo ndani yake huacha kutengenezwa na viwanda vingine, na kuisanifu upya mashine nzima kwa ajili ya kijisehemu kimoja hakuna faida. Pili, ni gharama kuweka akiba ya vipuri na mafundi wa aina nyingi kwa wakati mmoja. Tatu, teknolojia husonga mbele.

Tofauti huonekana bayana katika uzito na urahisi wa matumizi. Mashine za SD zilitumia betri ya risasi na asidi ya volti 6, ambayo mtumiaji aliibeba mgongoni na kuiunganisha kwa waya. GPX 6000 ina betri nyepesi ndani ya mashine yenyewe, nayo hujirekebisha kulingana na udongo. Zile za zamani hudai mtu mwenye uzoefu wa kuzungusha vitufe.

Hata hivyo, kongwe haimaanishi mbovu. Mashine ya GP au GPX 4500 iliyotunzwa vyema bado hutambua dhahabu kama ilivyoitambua siku ya kwanza. Aidha, koili za SD, GP na GPX hadi 5000 hutumia kiungio cha aina moja, na kampuni huru za Australia kama Coiltek na Nugget Finder zimekuwa zikiziundia mashine hizo koili. Udhaifu wao haumo katika koili wala katika betri, vitu ambavyo vyaweza kupatikana. Umo katika kisanduku cha mitambo. Kikiungua, mwenye mashine hutegemea fundi mwenye vipuri vya zamani, na fundi huyo ni nadra.

PENGO LA BIDHAA BANDIA

Mahali ambapo mashine halisi imeadimika na bado inasifika, bandia hupata nafasi.

Kisa kinachojulikana zaidi kiliipata Codan, kampuni inayomiliki Minelab tangu 2008. Kama lilivyoripoti shirika la habari la Reuters mwaka 2015, kompyuta ya mkononi ya mfanyakazi wake ilidukuliwa mwaka 2011 alipotumia intaneti ya hoteli nchini Uchina, na michoro ya mashine ikaibwa. Kampuni haikulitambua hilo mara moja. Iling'amua pale mashine mbovu ziliporudishwa kutengenezwa, na mafundi walipozifungua wakakuta ndani yake vijisehemu duni ambavyo si vya kiwanda.

Nakala hizo ziliuzwa Afrika kwa bei ya chini, na kampuni ikalazimika kupunguza bei zake. Faida ya Codan ilishuka kutoka dola milioni 45 za Australia hadi dola milioni 9.2 katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2014. Bandia hazikuwa sababu pekee, kwa kuwa bei ya dhahabu duniani ilianguka mwaka 2013 na mahitaji ya Afrika yakapungua, lakini zilichangia.

Hasara ya kampuni imeandikwa katika vitabu vya hesabu. Hasara ya mchimbaji aliyeuza ng'ombe kununua mashine bandia haikuandikwa popote. Yeye hutembea siku nzima juani juu ya ardhi yenye dhahabu, mashine isilie, naye akadhani dhahabu haipo. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 imefanya kuingiza, kuhifadhi na kuuza bidhaa hizo kuwa kosa, na mamlaka iliyoundwa chini yake hupokea malalamiko ya wanunuzi na ya wenye chapa.

DHAHABU GANI, NA WAPI

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba ditekta, ikiwa mpya au kongwe, haifai kila mahali. Hutambua vipande, si vumbi. Dhahabu nyingi ya Kakamega na Migori ni chembe ndogo mno zilizomo ndani ya mwamba wa kwatzi, na huhitaji kusagwa na kuoshwa. Huko mashine yaweza kupita juu ya mwamba wenye dhahabu ya kutosha na isitoe sauti yoyote.

Hufaa zaidi penye dhahabu ya vipande iliyosombwa na maji na kulala karibu na uso wa ardhi, kama katika mabonde makavu ya Turkana na Pokot Magharibi. Mtu anayenunua mashine bila kujua aina ya dhahabu ya kwao amenunua nyavu kabla ya kuuliza kama kuna samaki.

SHERIA, BARA NA PWANI

Kumiliki mashine si kumiliki dhahabu. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Mchimbaji mdogo huhitaji kibali, ambacho hutolewa kwa raia wa Kenya pekee, na biashara ya dhahabu ina leseni yake.

Pwani kuna onyo la ziada. Wapo wanaovutiwa kuipitisha mashine katika magofu na fuo wakitumaini sarafu za kale. Kilindini ulikuwa mji wa kale kabla ya kuwa bandari ya meli kubwa, na watu wake, Wakilindini, waliunda Thelatha Taifa pamoja na Wachangamwe na Watangana. Ng'ambo ya pili ya kisiwa, mbele ya Ngome ya Yesu, ilizama meli ya Kireno Santo António de Tanná mwaka 1697, na wataalamu waliichunguza chini ya maji kati ya 1977 na 1980.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo kilichoundwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kutafuta vitu hivyo bila leseni ni kosa, na anayevumbua kitu cha kiakiolojia hata kwa bahati hutakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Sarafu iliyong'olewa ardhini hupoteza ushuhuda wake: ilikuwa tabaka gani, karibu na ukuta upi, pamoja na vigae vipi. Ushuhuda huo ukishapotea haurudishiki.

KABLA YA KULIPA

Anayeazimia kununua mashine ambayo kiwanda hakiiundi tena aanze na nambari ya utambulisho iliyochapwa juu yake, na aiulizie kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda, si kwa muuzaji mwenyewe. Mashine iitwayo mpya huku uundaji wake ulikoma kitambo ni ya kutiliwa shaka mara moja.

Aijaribu ardhini, si mezani. Azike kipande kidogo cha metali katika udongo wa mahali atakapofanyia kazi, kwa sababu mashine bandia nyingi hulia vizuri hewani na kunyamaza kwenye udongo wenye chuma. Akague kiungio cha koili, waya na betri, na aulize bei ya betri nyingine kabla ya kukubaliana bei ya mashine.

Mwisho, amtafute fundi kwanza. Akikosa mtu wa karibu aliyewahi kuifungua aina hiyo na kuirudisha ikafanya kazi, basi bei nafuu aliyotajiwa ni ya mashine ya kutumia mpaka itakapoharibika mara moja tu.